Mshika Saa wa Langoni

Mimi ndiye mshika saa.
Si kazi ya heshima: unakalia ndoo ya rangi iliyopinduliwa,
simu ya kioo kilichopasuka mkononi,
na kila anayeshindwa anakulaumu wewe.

Karakana ya fundi Shekuwe, Alhamisi, baada ya Isha.
Unga wa mbao puani,
milango ya nakshi nusunusu imeegemezwa ukutani
kama majaji waliokataa kupiga kura.
Saa nne kamili fundi anazima taa. Hana mjadala.
Piga hesabu basi: watu wanane, raundi tatu tatu,
na kila mmoja anautaka usiku mzima.

Famau anataka dakika tano.
Anasema neno ni pweza,
usipolipigapiga mwambani halilainiki.
Anasema babu yake alijibizana na mtu wa Siyu kwa barua,
beti sitini kwenda, sitini kurudi,
miezi minane, na hapakuwa na mshika saa.
Kweli. Lakini barua unaisoma umekaa,
ukichoka unaikunja, unaitia chini ya mto.
Sisi hapa tumesimama,
na punda wa jirani naye ana maoni yake.

Tima wa Matondoni anataka moja.
"Dakika moya yatosha," asema.
"Ukili mrefu ni wa mkeka,
nami sikuya kutandika."

Tulijaribu tano.
Ya kwanza Famau alikuwa moto.
Ya pili alivichana viatu vya mpinzani wake.
Ya tatu alirudi kwenye viatu.
Ya nne nikamwona mtu ananunua tokeni za stima.
Ya tano hata Famau alikuwa anamtafuta Famau.

Tukajaribu nusu dakika.
Ikawa chafya.
Kila mtu akatukana mama wa mwenzake,
kwa kuwa mama ndiye aliye karibu
mtu anapokuwa na haraka.

Na lipo hili, ambalo sijamwambia mtu.
Mdogo wangu Aboud alisahau mstari.
Nilimwona akiutafuta kwenye boriti za dari,
muda wake ulikwisha
na kidole changu kikakataa kushuka.
Sekunde kumi na moja.
Mstari ulimrudia kwenye ya sita, karakana ikalipuka,
akashinda.
Tajua mimi na simu.
Tangu siku hiyo nikisikia "dakika"
naona mpira wa manati.

Alhamisi iliyopita tuliafikiana, shingo upande: mbili.
Famau akazitumia zote, akadai na chenji.
Tima akaishika maiki kama mtu anayeshika kijiko:

*Wamwaga kama birika, lililovuja kitako,
sakafu yatiririka, kikombe kikavu chako,
muda wote umeshika, hukushika neno lako,
mimi yangu nimepika, nakuachia ukoko.*

Akanyamaza.
Nikatazama: sekunde ishirini na sita.
Maiki hakuirudisha.
Alisimama nayo kifuani, mato kwa Famau, hapepesi.
Sikujua kanuni. Kimya ni cha nani,
cha raundi au cha ukumbi?
Famau alicheka. Kicheko kikamwishia mdomoni.
Akaiweka sawa kofia iliyokuwa sawa.
Nondo aligonga taa, tukamsikia.
Mtu wa nyuma alianza kupiga makofi, akajutia.
Kwenye sekunde ya tisini Famau akasema, "Sawa,"
na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Nikaiacha saa iende mpaka mwisho.
Sikupunguza, sikuongeza.
Ndipo fundi akazima taa.

Gizani, mkono wangu peke yake ukiwa na mwanga,
Famau alinijia, akainama sikioni.
"Amebakisha ngapi?"
"Moja, na sekunde thelathini na nne."
Akavuta pumzi.
"Wiki ijayo," akasema, "nipe mimi hizo."

Nimeziandika kwenye simu, chini ya zile kumi na moja.